Spika za Viti Viwili

"Tutakaa wawili."

Daktari aliyatamka maneno hayo kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake, wala hakujua alichokivunja. Masikio alikuwa ameinama nyuma ya kaunta akichomoa waya kwenye amplifaya, na akabaki ameinama muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

Kosa lilikuwa lake, maana swali lilikuwa lake. Kila mteja aliyeingia katika duka lile la spika aliulizwa hivyo hivyo: zikishafungwa, msikilizaji atakaa wapi, na watakuwa wangapi? Wengine hujibu "mimi peke yangu." Wengine hujibu "mimi na mtaa mzima." Huyu daktari wa meno alikuwa akija dukani kila Jumamosi tangu mwezi uanze. Anasikiliza hizi, anarudi kusikiliza zile, anauliza maswali ya mtu anayetaka kweli kujua, anacheka taratibu. Na Masikio, aliyepewa jina hilo utotoni kwa kusikia mambo yasiyomhusu, alikuwa ameshaanza kuujua mwendo wa viatu vyake kabla havijafika mlangoni.

"Wawili," alisema alipoinuka. "Sawa. Na chumba chenyewe?"

"Chumba ndiyo shida, Fundi. Nyumba ya zamani ilikuwa na sebule ndefu, zile spika kubwa zilikuwa zinapumua. Huku tulikohamia sebule ni ndogo. Ukiwasha muziki, besi inazunguka tu kama nzi kwenye chupa. Mwimbaji humsikii. Nipe ndogo za kuchukua nafasi yake, niondoke."

"Siuzi hivyo. Chumba ambacho sijakipigia makofi sikiuzii spika."

"Makofi?"

"Nakuja, nasimama kwenye kona, napiga makofi, nasikia chumba kinanijibu nini. Halafu ndiyo tunachagua. Leo jioni nina nafasi."

Daktari alitazama kando, kisha akamtazama tena, na safari hii macho yalikaa. "Nitafurahi sana," alisema. Akatoka.

Shangazi yake, aliyekuwa akipanga betri kwenye rafu huku akijifanya hasikii, aliziacha betri.

"Umemsikia? Wawili."

"Nimemsikia, shangazi."

"Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanamume anahama nyumba, anatafuta spika ndogo, anakaa wawili. Huyo ana mtu wake. Na wewe unajipeleka na maboksi mkononi, mke wake akufungulie mlango!"

"Naenda kazini."

"Kazini umeanza lini kupaka wanja?"

Masikio alijifuta jicho moja kwa kidole, akakumbuka la pili lingebaki peke yake, akaacha yote mawili. Ukweli ni kwamba alitaka kujua. Angeweza kulala bila huyo mtu, alijiambia, lakini asingeweza kulala bila kujua wa pili ni nani. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo mwanamke hawezi kuyauliza akiwa nyuma ya kaunta. Bora aende akakione hicho kiti cha pili.

Alichagua jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbao nyekundu iliyong'arishwa, nzuri hata ikiwa imezimwa. Ya pili ilikuwa nyeusi, pana kidogo, imefunikwa kitambaa cha kawaida, jozi ambayo wateja huipita kama hawajaiona.

Mlangoni kwa Daktari kulikuwa na viatu vya kike. Viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vimepangwa sawasawa pembeni ya viatu vyake. Masikio aliviangalia mpaka akasahau kubisha hodi, na mlango ukafunguliwa hivyo hivyo.

Aliyefungua alikuwa mama mtu mzima, amesimama wima, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Mimi ni fundi wa spika. Nimekuja kwa Daktari."

"Fundi ndiye wewe?" Mama alimtazama kuanzia viatu hadi wanja. "Mwanangu kila siku fundi kasema hivi, fundi kasema vile. Nikajua fundi ni mzee mmoja mwenye ndevu. Haya, pita. Tunaishi wawili tu hapa, mimi na yeye, hakuna wa kukufukuza."

Wawili! Masikio nusura acheke mlangoni. Aliingia na boksi la kwanza, mabega yakiwa mepesi, akamwacha Daktari, aliyetokea nyuma ya mama yake huku akitabasamu, ashuke ngazi kufuata mengine.

Sebule ilikuwa ndogo kweli. Zile spika kubwa, ndefu kufika kifuani, zilisimama kwenye ukuta mfupi kama wageni waliokosa pa kukaa. Mbele yake viti viwili vya kitambaa. Cha kulia kilikuwa karibu na dirisha, kimelegea kwa kukaliwa. Cha kushoto kilikuwa kipya kabisa. Katikati ya viti palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Mama alikaa kwenye kile cha dirishani. "Usinikalie hicho kipya," alisema. "Kina mwenyewe."

"Si ni cha Daktari?"

"Daktari anakishikia tu. Mwenyewe anakuja kesho, Jumapili, kula na sisi kwa mara ya kwanza. Binti wa rafiki yangu, mfamasia. Mmoja anang'oa jino, mwingine anatoa dawa ya maumivu. Nini tena unataka?"

Mabega yalirudia uzito wake. Daktari alikuwa ameingia na boksi na alisikia yote. Aliliweka chini, akapita katikati ya viti kwenda kufunga pazia, na alipofika ubavuni kwa mama yake akasema kwa sauti ya chini, "Haya tena, tumeanza."

Mama hakugeuka. Hakuonyesha hata dalili. Aliendelea kumweleza Masikio jinsi mfamasia alivyo na adabu.

Ajabu, alifikiri Masikio. Yeye aliyekuwa mbali zaidi alikuwa amesikia neno kwa neno.

Aliwasha spika kubwa kwanza, asikie ugonjwa wenyewe. Besi ikajaa sebule, kioo cha dirisha kikatetemeka, mwimbaji akazama humo humo. Akazima.

"Daktari, nipe soksi."

"Za nani?"

"Zako. Safi, tafadhali."

Alizikunja, akaziba matundu yaliyo nyuma ya spika, akawasha tena. Mvumo ulipungua, lakini mwimbaji alibaki mbali. "Hizi soksi ni kama dawa ya kutuliza," alisema. "Jino lenyewe bado linauma. Spika hazina kosa, mama. Zilizoea sebule ndefu."

"Hata mimi nilizoea sebule ndefu," alijibu mama, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ukali.

Masikio akaanza kazi yake ya makofi. Kona ya dirisha, pa! Kona ya mlango, pa!

"Umekuja kutuuzia spika au kutushangilia?" mama aliuliza.

Masikio alicheka, akaenda kwenye kona ya kushoto nyuma kabisa ya viti, akapiga kwa nguvu. Pa!

Mama alishtuka, akageuka kutafuta kofi lilikotoka. Aligeukia kulia, dirishani.

Masikio alibaki na viganja vimekutana. Mtu mwenye masikio mawili hujua sauti imetoka upande gani hata akiwa usingizini. Mtu mwenye moja, kila sauti kwake hutoka upande ule mzima. Alimtazama Daktari, na Daktari akamtazama kwa macho ya kuomba asiseme.

"Naomba maji ya kunywa," alisema Masikio.

Jikoni Daktari alifungua bomba, maji yakamwagika kwa kelele, akasimama karibu naye kuliko ilivyohitajika kumpa mtu glasi.

"Umejua."

"La kushoto."

"Tangu alipougua, mwaka ule baba alipofariki. Hataki mtu yeyote ajue. Aliniapisha. Ndiyo maana sikukueleza dukani, na ndiyo maana nilikuwa nachagua bila kuchagua. Sikujua spika gani inamfaa mtu anayesikia upande mmoja."

"Ungesema tu ungenirahisishia kazi." Alikunywa kidogo. "Na yale uliyosema pale katikati ya viti?"

Daktari aliona haya mpaka kwenye masikio. "Uliyasikia hayo?"

"Naitwa nani mimi?"

"Huo ni upande wake usiosikia. Mama yangu ni mtu wa amri, unamwona. Kuna mambo nashindwa kumwambia usoni. Basi huwa nasimama pale nayasema, yananitoka, moyo unapoa. Miaka sasa. Najua ni utoto."

"Mambo kama yapi?"

Alifungua mdomo. Maji yalikuwa bado yanamwagika, na glasi ilikuwa mikononi mwao wote wawili, hakuna aliyekumbuka kuiachia. Masikio alisubiri. Katika maisha yake alikuwa ametamani kusikia mambo mengi, lakini hakuna alilolitamani kama hilo.

"Nyie! Maji yanachimbwa?" mama aliita kutoka sebuleni.

Basi wakarudi, kila mtu na lake moyoni.

Masikio alifunga jozi ya mbao nyekundu. Alikivuta kiti kipya katikati bila kuomba ruhusa, akakikalia, akawaambia wanyamaze. Mwimbaji alisimama pale katikati ya ukuta, unasikia hata anapovuta pumzi. Lakini alipoegemea kushoto kidogo tu, mwimbaji akamkimbia, akahamia spika moja, ya pili ikawa kama imekatika.

"Ni nzuri sana," alisema Daktari.

"Nzuri kwa mtu mmoja. Akitaka kufaidi, akae katikati peke yake asitikisike. Umesema mtakaa wawili." Neno hilo lilimtoka na ukali ambao hakuupanga.

"Lakini zinapendeza," alisema mama. "Mgeni akiingia ataona kitu."

"Mama, spika hazitazamwi. Wangapi wamependa sura, wakajuta baadaye?"

Mama alimkodolea macho, kisha midomo ikacheza kidogo. "Haya, leta hizo sura mbaya."

Zile nyeusi Masikio alizifunga kwa uangalifu mwingine. Hakuzielekeza mbele moja kwa moja. Aligeuza kila moja ndani, ikatazama kona ya pili, kiasi kwamba sauti zake zilikatizana mbele ya viti kabla hazijamfikia mtu. Namna hiyo aliyekaa kushoto huangaliwa usoni na spika ya mbali, ya kulia, na aliyekaa kulia huangaliwa na ya kushoto. Hakuna anayepewa mgongo. Ndivyo anavyofunga spika za watu wawili.

Lilibaki jambo moja. Mama alikuwa amekaa kulia kwa chumba, sikio lake zima limeelekea dirisha, lililokufa limeelekea muziki. Hata spika za dhahabu zisingemsaidia pale. Masikio alichuchumaa mbele yake.

"Mama, kile kioo cha dirisha kinakurudishia sauti vibaya. Naomba tubadilishane. Kiti chako kije huku kushoto karibu na ukuta, hicho kipya kiende dirishani."

Mama alimtazama yule msichana aliyechuchumaa, aliyesema kioo wala hakutaja sikio.

"Kioo," alisema.

"Kioo, mama."

"Haya. Kama ni kioo."

Daktari alibeba viti. Mama akakaa mahali pake papya, ukuta kushoto kwake, chumba chote kulia. "Mwekee wimbo anaoupenda," Masikio alimwambia Daktari. Ulikuwa wimbo wa zamani wa watu wawili wanaopokezana, mwanamume spika ya kulia, mwanamke spika ya kushoto. Mwanamume alianza kubembeleza kama kawaida yake. Kisha mwanamke akamjibu.

Mkono wa mama ulishika kiti.

"Huyu," alisema. "Huyu mwanamke alikuwa wapi?"

Alisogea mbele ya kiti.

"Miaka yote hii nasikia mwanamume anaomba, anaomba, na huko ng'ambo mtu ananong'ona kama yuko chumba cha pili. Nikasema wimbo umechakaa. Baba yako alikuwa akiimba ya mwanamume, mimi naimba hii." Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta. "Kumbe bado anamjibu."

Mama, bila kumtazama, alipapasa kiti kipya kilichokuwa sasa kulia kwake.

"Kaa. Si unapima? Pima na hiki."

Akakaa. Wakasikiliza pamoja, mama na fundi, hadi wimbo ukaisha, chumba kikabaki na kimya kile kizuri cha baada ya muziki.

Hapo ndipo Daktari alipokuja akasimama katikati ya viti. Palikuwa mahali pake pa siku zote. Aliinama kidogo, kama alivyoinama miaka yote, mgongo kwa mama yake, uso kwa Masikio.

Masikio aliliona kosa kabla halijafanyika. Viti vilikuwa vimebadilishana. Ule ubavu aliosimama haukuwa tena upande usiosikia. Angenyanyua kidole tu, angekohoa, angemwokoa. Lakini aliona midomo ya Daktari inafunguka, akajua kwamba lile lililokatishwa jikoni linakuja, na kidole kikagoma kunyanyuka.

"Uliniuliza mambo kama yapi," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Kama haya. Sitaki mfamasia, mtu ambaye hata meno yake sijawahi kuyaona. Spika nilizozipenda mwenyewe nilizipata ile Jumamosi ya kwanza, zile nyeusi, nikasema hapana ili nirudi kukuona. Hiki kiti nilikinunua mimi, na nilipokuwa nakinunua nilikuwa nakuwaza wewe umekikalia. Nakupenda, Fundi. Namwogopa mama yangu, lakini nakupenda kuliko ninavyomwogopa."

"Unaniogopa nini?" aliuliza mama.

Daktari aliganda. Aligeuka polepole, akatazama ukuta, akatazama dirisha, akatazama viti, na Masikio aliona hesabu ikimwingia usoni mpaka mwisho.

"Mama..."

"Kwa hiyo ndiyo maana ulikuwa ukisimama hapo kila siku? Mimi nikidhani mtoto ananilinda nisianguke, kumbe ananiteta sikioni!"

"Mama, nisamehe."

"Ngoja, zamu yako bado." Akamgeukia Masikio. "Na wewe. Ulijua kuwa hapa nasikia?"

Masikio alikuwa na uongo mzuri tu mdomoni, wa kioo na dirisha. Aliuacha.

"Nilijua, mama."

"Mbona hukumzuia?"

"Nilitaka kusikia mwisho wake."

Mama alivaa miwani yake, akamtazama kwa makini, akavua miwani.

"Hata mimi," alisema.

Kisha akamwonyesha mwanawe amplifaya kwa kidole. "Rudisha huo wimbo mwanzo. Na wewe, Fundi, usijifiche nyuma ya spika. Mwanamume amemaliza kuomba. Mimi nimekaa miaka sijamsikia mwanamke akijibu, sitaki kuanza kukaa mingine."

Masikio alimtazama Daktari, aliyekuwa amesimama na rimoti mkononi kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Moyo ulikuwa unampiga mpaka alihofia mama angeusikia kwa sikio lolote. Angeweza kusema maneno mengi. Yaliyomtoka yalikuwa ya kazi.

"Mama, chumba hiki nilikipima kwa viti viwili. Kama tutakuwa watatu, hesabu inabadilika. Itabidi nije tena."

Daktari alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeshusha mzigo, na mwanamume wa kwenye wimbo akaanza kubembeleza upya.

"Sijasema nimekubali," alisema mama, amefumba macho, sikio lake la kulia limewaelekea wote wawili. "Lakini usije Jumapili. Jumapili niachie mimi nimwombe radhi rafiki yangu. Njoo Jumatatu, na huyu mwanangu, wa tatu asiye na kiti, atakaa chini mpaka anunue kingine."